Nilichokisema Chini ya Mnara

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilipanda mnara wa taa niliokatazwa kuupanda, na niliposhuka nikasema uongo wa maneno machache. Sasa nina miaka arobaini na moja, magoti yananiuma, na bado kila nikisikia kuna mnara wa taa mahali fulani najikuta naulizia njia ya kwenda huko.

Wenzangu kazini wananicheka. Mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo ya watu hapa mpakani Busia, na mara tatu nne kwa mwaka kazi inanipeleka Mombasa, mara nyingine Tanga. Wenzangu wakishamaliza shughuli za bandarini wanakwenda kula samaki na kuogelea. Mimi natafuta mnara. Ule wa Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni, niliutazama kwa nje tu kwa sababu askari alikataa katakata. Huko Tanga nilivuka hadi kisiwa cha Ulenge nikitapika njia nzima. Chumbe nilipanda na watalii wawili waliovaa kaptura, wao wakipiga picha na mimi nikihema. Na kule Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, mnara wenyewe ni wa chuma, mwembamba, na mzee anayeutunza aliponikuta nimekaa katikati ya ngazi nimeshika kifua akaniuliza, "Mama, kwani nani kakutuma?"

Nikamwambia hakuna aliyenituma. Akatikisa kichwa akaendelea kufagia.

Watu hudhani nafurahia safari hizi. Sifurahii hata moja. Ngazi za mzunguko zinanitia kizunguzungu, ndani mna harufu ya popo, na ukifika juu ni upepo na maji, basi. Nasimama kidogo, naangalia, nashuka. Nikifika chini sisemi na mtu yeyote mpaka nimetoka nje ya ua, na watunzaji wengi wameshaniona mtu wa maringo kwa sababu hiyo. Ni tabia niliyoipata kwa baba yangu, au tuseme kwa watu wa kwao.

Kwao baba ni ukingoni mwa ziwa, upande wa Uganda, mwendo wa kutembea kutoka Majanji. Pale palikuwa na mwamba uliochomoza majini, na juu ya mwamba mnara wa mawe uliopakwa chokaa. Walisema ulijengwa na Waingereza enzi za meli za kubeba pamba. Taa yake ilikuwa imekufa kabla baba hajazaliwa. Kioo kilimalizwa na manati za watoto, mlango ukaibwa na mtu aliyejengea banda la kuku, lakini ngazi za chuma zilibaki, maana zilipigiliwa ndani ya jiwe na wezi walijaribu mpaka wakachoka.

Watu wa pale walikuwa na imani yao kuhusu mnara huo, na sijaisikia kwingine kokote. Walisema mtu aliyezama na mwili wake usipatikane hana pa kukaa, anabaki juu ya maji mpaka azikwe. Mtu wa damu yake akipanda mnara mchana kweupe anaweza kumwona. Mke hawezi, shemeji hawezi, ni damu tu. Na neno la kwanza atakalolisema akikanyaga ardhi ndilo linalokuwa kweli ya ukoo mzima. Akisema nimemwona, basi yule mtu hajaisha na hazikwi. Akisema sikumwona, ameshaondoka, azikwe. Ndiyo maana watu wazima hawakupanda. Nani mwenye akili zake atakubali kubebeshwa neno la namna hiyo?

Na kuzikwa bila mwili kulikuwa na utaratibu wake. Hukatwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake, likafungwa sanda na kulazwa kaburini mahali pa mtu, kama wanavyofanya pia majirani zetu Wajaluo. Kwa ukoo wa baba lazima mama mzazi wa aliyepotea alilaze kwa mikono yake mwenyewe. Asipokubali yeye, hakuna mazishi.

Baba alikuwa akinunua mukene visiwani, zile dagaa ndogo za ziwa, na kuziuza Busia. Aliniita Chamani, kama mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu nilipenda kukaa kwenye kiti chake na kumpa watu amri. Siku moja mtumbwi waliokuwa wamepanda ulipinduka kwenye mawimbi. Wenzake wawili walitupwa ufukweni siku ya pili wakazikwa. Mtumbwi ulionekana, na kasia moja. Baba hakuonekana.

Miezi mitano ikapita. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, na Jaja, bibi yangu mzaa baba. Mama ni Mjopadhola wa Sop-Sop, wilaya ya Tororo, na Jaja alikuwa Msamia asiyejua neno la Kidhopadhola, hivyo kwa miaka yote walizungumza Kiswahili cha sokoni, kile ambacho kila mtu mpakani anakijua kwa kuuza na kununua. Waligombania chumvi kwa Kiswahili hicho, wakasikitika kwa hicho hicho. Ufasaha nilionao leo niliupata baadaye sana, kwenye makaratasi ya forodha na midomo ya madereva wa Kenya. Nikimkumbuka Jaja namsikia vile vile alivyokuwa akisema.

Asubuhi moja nilikuwa naosha sufuria ziwani, nikasahau kazi nikaangalia mwamba. Jaja akanisogelea kutoka nyuma.

"Nabwire, wewe naangalia nini kule?"

"Mnara."

"Ile mnara usipande. Unanisikia? Watu kubwa inaogopa, sembuse wewe." Akachuchumaa karibu yangu akachukua sufuria moja akaanza kuisugua na mchanga kwa nguvu isiyohitajika. "Ukipanda, utashuka na mtu mgongoni. Utambeba mpaka uzeeke. Neno ya kwanza ikitoka, hairudi."

Nilimwitikia ndiyo. Kweli nilikuwa naogopa popo kuliko maneno yake.

Baba Mkubwa Wandera, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa anataka mazishi. Sitaki kumfanya mtu mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alikuwa na wake wawili, mgongo mbovu na shamba la mihogo lililomshinda, na alisema kila alipokuja kwamba ndugu yake hawezi kuachwa juu ya maji kama takataka. Nilisikia pia, kwa masikio ya mtoto anayejifanya amelala, kwamba baada ya mazishi na matanga mama atakuwa wake. Ndivyo ilivyokuwa desturi, mjane anabaki mikononi mwa shemeji. Nilidhani maana yake ni kwamba Baba Mkubwa atatuletea mihogo.

Jaja alizungushazungusha. Mara anaumwa, mara mvua itanyesha, mara sanda haijanunuliwa. Mwishowe Baba Mkubwa akaja na tunda la mwegea kwenye baiskeli, akachimbisha kaburi kando ya nyumba, na Jaja hakuwa na sababu nyingine ya kutoa. Akasema basi, kesho. Usiku ule tunda lililala ndani kwenye mkeka, limefungwa shuka, na Jaja akakaa karibu nalo. Mimi nililala kwa mama na sikupenda hata kidogo kile kitu kuwa mle ndani.

Kesho yake wanawake walikuwa jikoni, wanaume wanasafisha kaburi, na hakuna aliyekuwa na habari na mimi. Nikaenda zangu kwenye mwamba. Sikuwa na mpango wa maana. Nilitaka kumwona baba kabla hawajaweka lile tunda mahali pake, hivyo tu. Nilikuwa na hamu naye sana, mpaka tumbo lilikuwa linauma, na hakuna aliyeniambia kwamba ile ni huzuni, kwa hiyo nilidhani ni minyoo.

Nilipanda huku nimefumba macho kwa ajili ya popo. Juu upepo ulinipiga nikashika chuma kwa mikono miwili. Niliona ziwa lote, visiwa vikiwa na rangi ya moshi, minandi wamekaa kwenye jiwe wakikausha mabawa, na mitumbwi sita. Nikaiangalia mmoja mmoja. Nikaangalia kila kichwa ndani yake. Nikaita "Baba" mara nyingi, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa nguvu zangu zote. Nikangoja, maana nilifikiri labda inachukua muda. Macho yakaanza kutoa machozi kwa ule mwanga na nikaendelea kuangalia. Sikumwona. Nikaelewa kabisa, bila mtu kunifundisha, kwamba baba hayupo.

Nikaanza kushuka, na njiani nilikuwa nimeshaamua kusema ukweli, au nadhani nilikuwa nimeamua. Chini nikamkuta Jaja. Alikuwa peku, kitambaa kimemwanguka kichwani, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, na kifua kinapanda na kushuka. Sikuwahi kumwona Jaja akikimbia. Kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekuwa akichunga mbuzi, bila shaka yeye ndiye aliyepeleka habari. Nyuma ya Jaja alisimama Baba Mkubwa na wanaume wawili, wana majembe bado, yana udongo wa kaburi. Na nyuma yao kabisa mama, amesimama peke yake na upawa mkononi.

Hakuna aliyenipiga. Hilo lilinishtua kuliko kupigwa.

"Sema," Jaja akaniambia.

Niliangalia mdomo wake. Ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikasema, "Nimemwona."

"Yuko wapi?"

"Amekaa kwa mtumbwi. Ameniangalia."

Jaja akakaa chini pale pale kwenye mavi ya mbuzi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mmoja wa wale wanaume akatupa jembe lake akarudi nyuma hatua mbili. Baba Mkubwa akanikazia macho, akafungua mdomo, na nilijua anataka kusema mtoto anadanganya.

"Wandera," Jaja akasema, bado yuko chini. "Usijaribu. Neno imeshatoka."

Naye Baba Mkubwa aliamini kama wao wote. Akafunga mdomo. Siku ile hakuna aliyezikwa. Kaburi haliwezi kuachwa wazi, hivyo wakakata mgomba wakaulaza ndani wakafukia, na tunda la mwegea Jaja aliagiza lirudishwe chini ya mti wake. Chakula cha matanga tulikila tu. Nakumbuka nilishiba vizuri, na naona aibu kukumbuka hivyo.

Baada ya wiki tatu hivi mama aliomba ruhusa kwenda kumngojea mumewe kwao Sop-Sop. Mke anayengoja anaweza kungoja popote, na mtoto wake anakwenda naye. Jaja alikubali, alikuwa na furaha siku hizo na angekubali lolote. Tukaondoka na magunia mawili na kuku.

Maisha ya Sop-Sop yalikuwa ya jembe. Mama alilima karanga na mtama, akauza sokoni Tororo, na nilipofika madarasa ya juu akanitafutia shule huko mjini, chini ya mwamba mkubwa wa mji huo, ambako vumbi la kiwanda cha saruji liliingia mpaka ndani ya daftari. Hakuolewa tena. Alikuja mwanamume mmoja wa Mella, mpole, mwenye baiskeli mpya na adabu za kanisani, akamposa kwa babu, baba yake mama. Babu akamwambia huyu ni mke wa mtu. Akaja mara nne. Mara ya nne mama alimpa uji, akanywa akaondoka, na baadaye tukasikia ameoa kwingine. Nilikuwa na miaka kumi na minne nikiwaangalia kutoka nyuma ya ghala, na nilijua fika nani amemzuia mama. Nilitamani kuropoka. Nikaenda kuchota maji.

Lakini kwa Jaja ndiko nilikochoka zaidi. Kila likizo nilitumwa kumtembelea. Alikuwa anamtengea baba sahani yake kila jioni na hafungi mlango kwa komeo, na asubuhi kabla ya kunawa uso anakwenda ukingoni kuangalia. Watu walimzoea. Mimi sikumzoea, kwa sababu kila nilipofika alinikalisha mkekani akasema, "Hebu sema tena. Aliangalia wewe namna gani?"

Na kila mara ilibidi niongeze kidogo, kwa sababu ukirudia maneno yale yale miaka kumi yanachuja hata machoni mwako. Kwanza nikasema aliinua mkono. Mwaka uliofuata alikuwa amevaa kofia. Kufikia darasa la saba baba alikuwa na kofia, ndevu, kasia lililofungwa raba, na uso wa mtu asiye na njaa. Jaja aliuliza hasa kuhusu njaa. "Alikuwa nakonda?" Nikamwambia hapana, Jaja, amenenepa. Alinishika mashavu akashukuru. Hakuna siku nimejichukia kama hiyo.

Alifariki nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilifika jioni ya mwisho. Alikuwa hawezi tena kusema vizuri, akanionyesha mlango kwa macho, nikaelewa anataka kujua kama uko wazi. Nikamwambia uko wazi. Wakamzika kando ya lile kaburi la mgomba, na watu wakanong'ona kwamba haikupaswa mama azikwe kabla mwanawe aliyepotea hajazikwa. Hata kwenye mazishi yake sikusema ukweli.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya forodha, nikaona bahari kwa mara ya kwanza, na pale Mombasa mtu akaninyooshea kidole akaniambia ule ni mnara wa taa. Mengine nimeshayasimulia. Nimejiuliza mara nyingi natafuta nini huko juu. Sitafuti baba. Nadhani natafuta nafasi ya kushuka tena, na bahari kila mara inanipa ngazi lakini hainipi watu wale waliosimama chini.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, nilirudi kutoka Pemba moja kwa moja mpaka Sop-Sop. Mama sasa ana miaka sitini na mingapi hivi, macho yake yamepungua, lakini kumenya karanga anamenya kwa kasi kuliko vijana. Nilikuwa namwonyesha picha kwenye simu, hapa hoteli, hapa embe la Pemba, nikafika kwenye mnara wa Kigomasha nikataka kuupita haraka. Akanishika mkono.

"Hiyo ni nini?"

"Mnara wa taa."

Akaisogeza simu karibu na jicho lake zuri. Akamenya karanga mbili tatu. "Wewe bado napanda hii vitu?"

Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Pengine ni safari, nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kujilinda. Nilimwambia yote. Kwamba sikumwona baba, sikuona chochote, kwamba nilimdanganya Jaja na ukoo mzima, kwamba yule mwanamume wa Mella alirudi bure kwa sababu yangu, na kwamba nimekuwa nikimwangalia akizeeka peke yake huku najua. Nililia kwa makamasi, mtu mzima mwenye ofisi.

Mama alingoja nimalize. Halafu akasema, "Mimi nilipanda kabla yako."

Nikaiweka simu chini.

"Mara tatu. Wewe ukiwa shule. Nikaangalia mpaka shingo ikauma. Hakukuwa na mtu." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Lakini mimi ni mke tu. Macho ya mke kwao haihesabiwi. Nikanyamaza."

"Kwa hiyo ulijua nimedanganya?"

"Nilijua kabla hujafunga mdomo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akacheka kidogo, na haikuwa furaha. Akaniambia jambo ambalo katika miaka yote sikuwa nimelijua: kwamba yeye alikuwa ameshakataa kuwa mke wa Wandera, amekataa mbele ya wazee, na wakamjibu sawa, rudi kwenu, lakini mtoto ni wa ukoo, mtoto anabaki. Ilikuwa azikwe baba asubuhi, na matanga yakiisha yeye aondoke peke yake. Upawa ule aliokuwa ameshika, alikuwa anapika chakula cha kuniacha.

"Ukasema umemwona," akasema. "Nikapata wewe. Ningesema nini? Yule wa Mella alikuwa mtu mzuri lakini hakuwa wewe."

Nilitarajia kwamba nikisikia maneno kama hayo nitapata nafuu. Nilipata, kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamfikiria Jaja mkekani akiuliza kama baba amekonda, nikaona mama naye anamfikiria, kwa sababu mikono yake ilikuwa imesimama.

"Yule mzee tulimwibia," mama akasema. "Wewe mtoto, hukujua. Mimi nilikuwa mtu mzima. Kila likizo nilikutuma kwake ukamwambie tena. Nilikuwa najua unaenda kusema nini, na nikakupakia karanga za kumpelekea."

Tulikaa mpaka karanga zikaisha.

Mwezi wa pili tulikwenda kwao baba, mimi na mama. Baba Mkubwa Wandera bado yupo, mgongo umemkunja kabisa, anatembea kwa fimbo mbili. Nilikata tunda la mwegea mwenyewe kwa sababu niliona ni haki yangu kubeba uzito huo, na lilikuwa zito kweli. Wazee walijadiliana nani atalilaza, mama mzazi akiwa ameshatangulia, wakasema mtoto. Lakini kwanza, wakasema, neno la zamani bado lipo. Haliwezi kupitwa hivi hivi. Lazima aliyelisema aliondoe.

Hivyo nikapanda tena. Ngazi mbili zimekatika sasa, kijana mmoja alinivuta kwa mkono, na juu nilikaa chini kabisa kwa sababu ya kizunguzungu. Niliangalia, kwa heshima ya jambo lenyewe. Niliposhuka walikuwa wamesimama pale pale walipopaswa kusimama, wachache tu, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku ile ya kwanza.

Nikasema, "Sikumwona. Na ile siku pia sikumwona."

Nilijiandaa kwa matusi. Niliyastahili, na nafikiri nilikuwa nimeyafuata mpaka kule Pemba. Baba Mkubwa akanisogelea na zile fimbo zake, polepole, mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, macho yana maji ya uzee.

"Hata kidogo?" akauliza. "Hukuona hata kidogo?"

Ndipo nilipojua kwamba naye amengoja. Yule mwanamume niliyemdhania amesahau, aliyeonekana kutaka tu kumaliza mambo, alikuwa na ndugu yake kwenye mtumbwi miaka thelathini na miwili, mwenye kofia na ndevu, aliyenenepa. Jaja alikuwa amemsimulia kila nilichoongeza.

"Hata kidogo, Baba," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akageuka, akatuongoza kwenda kuzika.

Nililaza tunda kwa mikono yangu. Wanawake wa ukoo wakamkalisha mama kwenye kigoda, wakamnyoa nywele zake za mvi kama anavyonyolewa mjane, na alitulia, anasaidia hata kuinamisha shingo. Mpaka udongo wa kwanza uliposhuka. Hapo mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwake, akamwita baba kwa jina lake la nyumbani, akajitupa chini, wanawake watatu wakashindwa kumshika. Alilia kwa Kidhopadhola, lugha ambayo pale hakuna aliyeielewa ila mimi. Alimuuliza baba kwa nini amemwacha na mtoto mdogo.

Siku hizi nikisimuliwa habari za imani za wazee sibishani na mtu. Jaja alisema nitashuka na mtu mgongoni, na yeye mwenyewe ndiye niliyembeba, mpaka nikazeeka naye. Neno langu lilimpa mama mtoto wake, likamnyima Jaja mazishi ya mwanawe, na sitaweza kamwe kutenganisha hayo mawili. Nimechoka kujaribu. Ninachojua ni kwamba nilikaa kwenye udongo nikiwa nimemkumbatia mama, kichwa chake kimenyolewa, kimelowa jasho chini ya kidevu changu, analia kilio kibichi cha mwanamke aliyefiwa na mumewe wiki ile. Na kweli alikuwa amefiwa siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemchelewesha.